Uso Wangu kwa Leseni Huria

Jumanne, 2 Mei

Shindano limetangazwa! Linaitwa Nyuso za Slivarevo. Picha yoyote ya uso wa mji wetu, mradi ipakiwe kwenye Ghala Huria, lile ghala la picha la mtandaoni ambalo kila mtu anachangia na kila mtu anachota. Picha ya mshindi itatundikwa kwenye ukumbi wa Jumba la Kusomea tarehe 24, Siku ya Herufi, sikukuu ya alfabeti yetu, jumba likitimiza miaka mia moja. Chini yake jina la mwenye kazi, kwenye kibao cha shaba.

Kibao cha shaba! Nina miaka hamsini na sita. Jina langu, Evlogi Kukov, halijawahi kuchapishwa na mtu mwingine isipokuwa kwenye bili ya umeme, na huko wanalikosea. Mwalimu Radoy, aliyefundisha fizikia nusu ya mji huu, ana picha tatu ukutani pale. Korongo juu ya dohani. Korongo wawili juu ya dohani. Theluji. Nakitaka kibao hicho kuliko kitu chochote. Nasema wazi humu kwa sababu hakuna anayesoma.

Genoveva, mke wangu, kauliza nitapiga picha gani, na lini nilijifunza. Nikamjibu kwamba mwenye akili hapigi picha, anazo tayari.

Jumatano, 3 Mei

Mpango wenyewe ni huu. Tanzia zote za mji huu nachapisha mimi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtu akifa, wenyewe wanakuja dukani na picha yake. Naitia kwenye kompyuta, naweka msalaba na maneno ya majonzi, natoa nakala thelathini. Wanabandika mlangoni, kwenye miti, kwenye nguzo ya kituo cha basi. Siku ya arobaini wanarudi. Miezi sita wanarudi. Kila mwaka wanarudi. Kwa hiyo nyuso zote za Slivarevo ninazo, nyingine mara saba.

Nimepakia marehemu arobaini na mmoja kabla ya chakula cha mchana. Ghala linauliza kila mara: hii ni kazi ya nani? Nikabonyeza "kazi yangu mwenyewe" mara arobaini na moja. Kwani ni nani aliyewakata, akawang'arisha, akamtoa bwana Mincho sigara mdomoni? Isitoshe, kitu kilichobandikwa kwenye mti barabarani ni cha watu wote. Hata mbwa wanakitumia.

Nimelala na viatu kwa furaha.

Alhamisi, 4 Mei

Zote zimewekewa alama nyekundu. Zinasubiri kufutwa! Na aliyeziwekea ni nani? Radoy. Kumbe ni msimamizi wa Ghala. Mstaafu hana kazi, basi kajipa ya kunifuata mimi.

Kaja dukani mwenyewe, kaegesha baiskeli kwenye mashine yangu ya nakala. Kaniuliza kwa upole wa kuudhi:

"Evlogi, ndugu yangu, hii ya mwaka 1938 umeipiga wewe? Mwaka huo baba yako alikuwa bado anakojoa kitandani."

Kisha akanisomesha kama zamani. Hakimiliki ya picha ni ya aliyeipiga. Si ya aliyenayo mkononi, si ya aliyeichapa, na hudumu miaka sabini baada ya mpiga picha mwenyewe kufa. Nikauliza kama hatuwezi kuhesabu kuanzia kifo cha aliyepigwa, maana hao ninao wengi. Akasema hatuwezi.

Kufikia jioni marehemu wangu wote wamefutwa. Wamekufa mara ya pili, na safari hii hakuna hata aliyeniagizia nakala.

Jumamosi, 6 Mei

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Kila nyumba inanuka mwanakondoo. Mimi niko uwanjani na kamera ya Genoveva tangu saa moja asubuhi, maana nimepata uso mwingine. Sanamu ya askari! Huo ndio uso wa mji, kama hujui uso ni nini. Shaba tupu, hafumbi macho, hana wajane. Nimempiga pande zote, picha thelathini na mbili.

Alama nyekundu ikaja kabla nyama haijapoa. Mchongaji yupo Varna, ana miaka themanini na moja na ni mzima. Sheria ya nchi yetu, kaandika Radoy, inakuruhusu kupiga picha ya sanamu ya uwanjani ukaiweka kwako. Kumgawia kila mtu, hata mfanyabiashara, hairuhusu mpaka mchongaji akubali. Na Ghala halipokei picha ambayo mfanyabiashara hawezi kuitumia.

Nikampigia mchongaji simu. Kaniambia pua ya yule askari hakuipenda tangu siku ya kwanza na angefurahi asionekane kabisa. Ana sauti ya mtu atakayefika tisini na tisa. Jumlisha sabini. Picha yangu itakuwa huru mwaka 2111, na mwaka huo nitakuwa na shughuli nyingine.

Genoveva kaniwekea nyama iliyobaki. Shingo tu.

Jumatatu, 8 Mei

Bahati! Leo kaja Bibi Tsonka, mjane wa Lazo, yule mpiga kodiani aliyecheza harusi zote za hapa, yangu ikiwemo. Kaja kuagiza tanzia ya mwaka wa kumi. Kaleta picha ambayo sikuwahi kuiona. Lazo anacheka, macho kafumba, kodiani imefunguka mpaka mwisho, jasho linamtiririka shingoni. Nimetazama nyuso za watu miaka kumi na tisa, na nasema huu ndio uso bora uliopata kuingia dukani kwangu.

Bibi Tsonka ana miaka themanini na minne. Kaniambia miguu yake haipandi tena kilima cha makaburini. Kama Lazo angetundikwa kule ukumbini alikokuwa akipiga, angekuwa anakwenda kumtazama kila Jumapili, pale hakuna kilima. Akanishika mkono wakati akisema.

Nikamwambia aache kila kitu kwangu. Nikamwandalia karatasi: mimi, mrithi, namruhusu Evlogi Kukov. Akaweka sahihi. Nikapiga mhuri wa duka mara mbili, mmoja kila upande.

Alhamisi, 11 Mei

Radoy kairudisha karatasi. Kasema Bibi Tsonka ni mrithi wa Lazo, sawa, lakini Lazo hakupiga picha hii. Lazo alikuwa ndani ya picha na mikono yake ilikuwa na kazi. Ruhusa inatoka kwa aliyekuwa nyuma ya kamera.

Nikamwambia basi amtaje huyo mtu, nimfuate hata kama yuko jela. Akafuta miwani. Akasema:

"Ni mimi, Evlogi. Harusi ya mpwa wangu, mwaka 1987. Filamu ninayo kwenye kabati."

Nilitaka kukaa lakini baiskeli yake ilikuwa kwenye kiti.

Kasema yuko tayari. Ataipakia mwenyewe, ataitoa kwa leseni huria, na mimi naweza kuiwasilisha shindanoni nikipenda. Ila chini yake itaandikwa: picha ya Radoy. Hiyo ndiyo haki. Anangoja niseme ndiyo tu.

Kibao cha nne! Nikasema hapana. Nikamwambia labda hata korongo wale hawakumpa idhini.

Bibi Tsonka kaja kuchukua nakala zake thelathini. Nikamwambia imeshindikana, sheria zimekataa. Kauliza sheria za nani. Nikasema za Brussels. Akasema, "Haya mwanangu, ndiyo wakubwa hao," akatoka polepole na karatasi zake kifuani. Nilijisikia vibaya mpaka saa sita.

Jumapili, 14 Mei

Nimeamka na jibu. Uso ambao hakuna wa kunidai. Wangu!

Nimevaa koti jeusi la harusi, nimekaa mbele ya pazia jeupe, mikono magotini. Genoveva kabonyeza kamera. Picha nzuri. Nikaipakia. Nusu saa haijapita, Radoy kauliza hadharani: mikono yote miwili ya ndugu Evlogi iko magotini, je, nani alibonyeza?

Genoveva alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akasema kumbe basi picha ni yake, na kibao kitakuwa na jina lake, tena jina lake la kwao. Nikamwambia kubonyeza si kazi, hata kengele ya mlango inabonyezwa. Akasema wali nao unapikwa kwa kugeuza kitufe cha jiko, kwa hiyo nipike. Maneno mengi yakafuata. Amekwenda Burgas kwa dada yake na basi la saa nane. Sanduku zuri kachukua. Kamera kaacha, nashukuru.

Nimeiweka kamera juu ya mitungi ya achari. Inajihesabia sekunde kumi kisha inapiga yenyewe. Nimekimbia mara kumi na moja bila kufika kitini kwa wakati. Ya kumi na mbili nimefika. Nimeshikilia pumzi nisihemewe, kwa hiyo nimetoka mtulivu sana, mzito, macho yanatazama mbali. Picha hii kila nikiitazama inanikumbusha kitu ninachokijua vizuri sana, sijui ni nini.

Jumatatu, 15 Mei

Siku ya mwisho ya kupokea picha. Nimepakia. Kazi yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza ni kweli.

Kwenye leseni nimechukua muda. Kuna ya kumwachia kila mtu kila kitu bila kutajwa. Sikuitazama mara mbili. Nimechukua ile inayosema: mtu yeyote atumie, popote, kwa jambo lolote, hata biashara, lakini amtaje mwenye kazi. Nikaongeza kwa mkono wangu: jina liandikwe chini ya uso, kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Wasinifiche!

Radoy kaandika kwamba safari hii kila kitu ni sawa, hongera. Kauliza kama najua kwamba ukishaitoa picha kwa leseni hii huwezi kuirudisha, hata mtengeneza soseji akiichukua. Nikamjibu kwamba ningeona fahari kukaa kwenye soseji. Aliye na wivu wa soseji zangu aseme.

Kompyuta ya duka imeomba kwa mara ya tano nikubali kupokea violezo vya tanzia kila kampuni ya Ruse inapotoa vipya. Nimebonyeza "baadaye". Nina mambo makubwa zaidi.

Ijumaa, 19 Mei

Matokeo. Sina nguvu ya kuandika.

Nitaandika. Ameshinda Lazo. Bibi Tsonka alikwenda kwa miguu yake ile mpaka kwa Radoy na sinia ya banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, akamwomba. Radoy akapakia. Waamuzi wote watano wakakubaliana. Picha ya Radoy! Mimi ni wa kumi na moja kati ya kumi na mmoja. Mwamuzi mmoja kaandika kuhusu yangu: "Nzuri, ila inatia huzuni mno, nilitaka kuvua kofia."

Nimefunga duka. Nimezima simu. Nimeingia kitandani, na sitatoka mpaka mji huu uone pengo langu.

Jumatatu, 22 Mei

Siku ya tatu kitandani. Mji umeona pengo! Mtu kaweka maua getini. Mekundu, mazuri, sita. Mtu wa kazi yangu anajua kwamba maua ya shufwa ni ya wafu, kwa hiyo mletaji kakosea kuhesabu. Nimetupa moja.

Adhuhuri wameweka bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari na jozi. Hiyo nayo kwa kawaida ni ya kumbukumbu za marehemu, lakini labda ilibaki mahali. Tamu. Nimekula yote.

Jioni maua mengine, manne. Nimetupa moja tena. Sikujua kwamba watu walikuwa wanaipenda picha yangu namna hii. Nadhani walimwogopa Radoy tu. Nimelia kidogo, na silionei haya jambo hilo. Jumatano nitakwenda sherehe, nitasimama wima, nitampa mkono mshindi. Waone moyo wa mtu.

Jumatano, 24 Mei

Siku ya Herufi. Nimevaa koti jeusi. Nimechelewa kwa sababu barabarani watu walinipisha kwa namna ya ajabu. Muuza mbegu za alizeti alijifanyia ishara ya msalaba mara tatu, akaacha kikapu. Nikamwinamia kichwa. Umaarufu unachosha.

Nimeingia ukumbini, nikakuta watu mia mbili wamesimama, vichwa chini, kimya kabisa. Dakika ya ukimya. Mimi ni mtu mwenye adabu. Nikasimama pale mlangoni, nikainamisha kichwa, nikaanza kuwaza ni nani. Padri yupo. Meya yupo. Bibi Tsonka yupo, kiti cha mbele, chini ya Lazo wake anayecheka ukutani. Nikafikiria mchongaji wa Varna, nikapiga hesabu haraka: 2093!

Kisha Radoy akashika kipaza sauti. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Nayaandika maneno yake yote, nimeyakumbuka kwa sababu yalikuwa mazuri:

"Evlogi alikuwa mtu asiyechoka. Mara nyingi tulimwomba Mungu achoke. Lakini katika mji ambao vijana wameondoka, yeye peke yake alitazama kwa makini kila uso uliokuwa unatuaga. Aliung'arisha, akautoa barabarani ukiwa unapendeza. Hakumwacha mtu aende na sigara mdomoni. Na mimi nilimbania kibao kimoja."

Nilikuwa ninalia kabla sijaelewa ni Evlogi gani. Halafu nikaelewa. Nikasema "Samahani," kwa sauti niliyodhani ni ndogo.

Mke wa meya akaanguka juu ya padri. Viti vikagongana. Radoy aligeuka mweupe kama karatasi, na mimi karatasi nazijua. Bibi Tsonka peke yake hakushtuka. Alinigeukia taratibu, akaniuliza:

"Mwanangu, Lazo umemwona?"

Nikamwambia yupo hapo nyuma yako, bibi, ukutani, anacheka. Akasema hata yeye alijua atakuwa anacheka.

Alhamisi, 25 Mei

Radoy kanikalisha kwake, kanimiminia rakia, pombe kali ya plamu, kanieleza.

Kampuni ya Ruse inayotuuzia violezo vya tanzia ilihitaji uso wa mfano, wa kuweka mahali ambapo duka litaweka marehemu wake. Wakatafuta Ghalani uso wenye leseni huria, koti jeusi, pazia jeupe, macho yanayotazama mbali. Upo mmoja tu. Wakautumia. Na kwa kuwa ni watu waaminifu wakafuata sharti: jina la mwenye kazi chini ya uso, herufi kubwa, zinasomeka bila miwani. Juu msalaba. Chini "kwa majonzi makubwa tunawatangazia". Tarehe, vitone tu.

Duka jipya la karibu na kituo cha basi, la binti mmoja mgeni asiyemjua mtu hapa, lilipokea violezo mara moja. Halikubonyeza "baadaye". Binti akatoa nakala kumi za mfano, akabandika kwenye nguzo na miti kutangaza kazi yake. Tarehe kwenye tanzia hazisomwi na mtu, hilo nimelijua miaka yote. Duka langu limefungwa, simu imezimwa, Genoveva hayupo. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyeuona mwili.

Radoy alimpigia Genoveva Burgas kumpa pole. Akamjibu, "Evlogi hajafa. Angekufa angenipigia simu kulalamika." Radoy akadhani ni majonzi yanasema.

Nimedai waniondoe mara moja. Nimepiga meza. Radoy kasema wameshika sheria neno kwa neno, niliruhusu mtu yeyote, popote, kwa jambo lolote. Na leseni haitanguki. Violezo vimekwenda kwenye maduka mia nne, kutoka Vidin mpaka Kardzhali.

Nikanywa. Mia nne. Yeye ana korongo watatu.

Ijumaa, 26 Mei

Genoveva kapiga simu. Anarudi Jumapili. Kasema kwenye nguzo nimetoka vizuri, dada yake kaiona Burgas, lakini angebonyeza yeye nisingekuwa na mashavu yale.

Nimekwenda kituo cha basi. Zimebanduliwa zote isipokuwa moja kwenye mti. Jua la saa nne lilikuwa linaipiga kwa upande. Uso wangu, jina langu, kifo changu! Nikatoa kamera. Picha moja tu, na imetoka safi, msalaba, maneno ya majonzi, mapambo yote ya pembeni ya wale wa Ruse. Haya ndiyo mambo ya kushindania mwakani.

Nimeipakia sasa hivi. Kazi ya nani? Kazi yangu mwenyewe. Kuna kitu gani cha mtu kuliko kifo chake? Kwenye maelezo nimeweka hotuba ya Radoy nzima, bila kumtaja ili nisimtie aibu. Alisema mbele ya watu mia mbili, na kitu kilichosemwa mbele ya watu mia mbili ni cha watu wote.

Namwona Radoy dirishani. Anavuka uwanja mbio na karatasi mkononi, hata baiskeli kaisahau. Pongezi, bila shaka.